Hifadhi Huria na Kufuli Lake

Jumatatu, 7 Juni 1999

Nimenunua daftari hili asubuhi dukani kwa Champaklal, la jalada gumu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na kuanzia leo mimi, Onesmo, ni mtu mwenye mambo ya kuandikwa.

Habari yenyewe ni hii. Saa tatu Mkurugenzi wetu, Mzee Nkwabi, alituita wote sita ukumbini. Akasema wafadhili wa Dar es Salaam wametazama Kituo chetu cha Utafiti wa Maji na Udongo wakaona tumefanya tafiti miaka kumi na tisa na hakuna aliyezisoma. Kwa hiyo kutakuwa na Hifadhi Huria. Kila ripoti itakuwa wazi kwa kila mtu: mkulima, mfugaji, mchimba dhahabu, bila kizuizi chochote. Wameleta na kompyuta ya kuziweka, ili siku moja hata mtu wa Ulaya akae kwake asome habari za udongo wa Didia. Siku yenyewe bado. Waya wa simu umeishia kwenye nguzo ya mwisho, mita arobaini kutoka kwetu.

Tarehe 25 mkaguzi anakuja. Atauliza mambo mawili tu: ripoti ngapi zimo, na watu wangapi wamezisoma. Akiridhika, Hifadhi itapata Mkuu wake, na Mkuu atapata pikipiki. Pikipiki ipo tayari, nyekundu, nyuma ya stoo, imefunikwa turubai. Nimeliinua turubai mara tatu.

Nani awe Mkuu kama si mimi? Miaka kumi na moja mtunza nyaraka msaidizi! Ripoti zote nimezifunga kwa kamba kwa mikono yangu, nakala arobaini arobaini. Hakuna hata moja iliyopotea. Hakuna hata moja iliyotoka.

Mpinzani ni mmoja, Eufrasia, mpiga taipu wetu. Ana miaka ishirini na sita. Alikwenda Mwanza wiki mbili kusomea kompyuta, na tangu arudi watu wanamwita wakati wa matatizo. Ananiamkia kila asubuhi. Shikamoo yake haina kasoro, ila kuna kitu ndani.

Mkurugenzi amenikabidhi ufunguo wa kabati la ripoti, kwa muda. Hatua yangu ya kwanza kama mlezi wa Hifadhi Huria: nimefunga.

Jumatano, 9 Juni

Msomaji wa kwanza! Na kazi hata haijatangazwa.

Amekuja saa nne, mama wa makamo, kanga mbili na kikapu. Anaitwa Asteria. Ni mama ntilie kwenye machimbo ya Mwalugoye, upande wa Kahama, mwendo wa saa tatu kwa basi. Kila Jumatano anakuja mjini kununua chumvi na sukari kwa Champaklal, za kuwapikia wachimbaji. Alisema mwangaluka, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, nikaitikia. Nilisubiri shikamoo nikakumbuka kuwa yeye ndiye mkubwa. Nikaiacha ipite.

Akaeleza. Mwaka juzi Dokta Boaz wa hapa kwetu alifika kwao na chupa. Akachota maji kwenye visima vyao vitatu: cha Shule, cha Mnadani na cha Mkuyu. Wachimbaji kule huosha dhahabu kwa zebaki, na maji machafu hayajui mpaka. Dokta aliahidi majibu. Hawajayaona. Sasa parokia imewapa pampu, moja tu, na kamati ya maji, ambayo yeye ni mjumbe, lazima ichague kisima Jumapili tarehe 27. Mafundi wanafika Jumatatu yake. Wengi wanataka kisima cha Shule kwa kuwa kiko karibu. Yeye ana mjukuu anayesoma hapo, anayekunywa hapo. Tangu Pasaka mtoto hashiki kalamu, vidole vinatetemeka. Anataka kujua majibu ya zile chupa kabla ya tarehe 27. Basi.

Nilimwambia amekuja mahali penyewe. Ripoti Namba 112, ipo, nakala arobaini, wazi kwa kila mtu. Alifurahi. Nikamwambia kilichobaki ni barua tu ya mwenyekiti wa kijiji kumtambulisha. Akauliza barua ya nini ikiwa ni wazi kwa kila mtu. Nikamfafanulia: ni wazi kwa kila mtu, kwa hiyo lazima tujue kila mtu ni nani.

Akasema wabeja, yaani asante, akaondoka.

Eufrasia, ambaye hakuulizwa, alisema angeweza kumsomea ukurasa mmoja tu na kumtafsiria, kwani ripoti ni ya Kiingereza. Nikamwambia tukianza kutoa bila utaratibu mkaguzi atahesabu nini? Akarudi kwenye taipu yake. Walioshindwa hoja ndivyo walivyo.

Jumatatu, 14 Juni

Mkurugenzi ameagiza ripoti zote ziingizwe kwenye kompyuta. Kompyuta imo ofisini kwake, imefunikwa kitambaa cha kufuma kilichoandikwa Karibu Mgeni. Mkewe ndiye aliyekifuma. Kukiondoa ni kazi ya watu wawili na ruhusa moja. Eufrasia ameingiza ripoti nne, umeme ukakatika, zikabaki mbili.

Dokta Boaz amepita. Aliposikia ripoti yake ya Mwalugoye itawekwa huria, alikasirika. Alisema makala yake ameipeleka kwenye jarida la nje, kubwa, na jarida halipendi kitu kilichokwisha kusomwa. Mkurugenzi akauliza jarida hilo sisi tutalipata wapi. Dokta akasema hatutalipata, ni ghali mno. Akaongeza kwamba hata yeye mwenyewe hatalipata. Ila jina lake litakuwemo.

Kwa hiyo 112 haiingii kwenye kompyuta mpaka jarida litoe. Lini? Mwakani, au mwaka wa pili. Nakala za karatasi aliziachia, kwa sababu zilichapwa kwa stensili na pembeni zina alama za vidole vya wino, naye anaona si mali.

Jioni nimekaa kidogo juu ya pikipiki, kujua urefu tu. Eufrasia akapita na ndoo ya maji. Alinisalimia, akaendelea na safari yake.

Jumatano, 16 Juni

Asteria amerudi. Barua anayo. Nimeisoma mara mbili: mwandiko mzuri, tarehe ipo, sahihi ipo. Muhuri hakuna.

Akasema muhuri wa kijiji mpini ulivunjika, umepelekwa Kahama kutengenezwa. Nikampa pole. Ila barua bila muhuri ni mazungumzo tu. Nikamwambia asikate tamaa, muhuri ukipona arudi.

Akasema, polepole, kwamba mtoto hasubiri muhuri. Nikapekua kanuni, hilo halimo. Nilimwandikia jina la barabara ya kwenda Idara ya Maji, ingawa najua wao watamrudisha kwetu.

Eufrasia akampa chai na kipande cha kiazi, wakakaa kwenye benchi nje wakizungumza Kisukuma chini chini. Nilisikia jina langu. Sikusikia zaidi, japo nilifungua dirisha.

Idadi ya wasomaji hadi leo: sifuri. Siku zilizobaki: tisa.

Nyumbani Mama Nyamizi, mke wangu, aliuliza kazi mpya inaendaje. Nikamwambia tatizo ni kwamba watu hawasomi. Akauliza kama kabati liko wazi. Nikamwambia hilo ni swali la mtu asiyejua maktaba. Akasema mficha uchi hazai, akaendelea kupepeta mchele.

Jumamosi, 19 Juni

Mungu hamtupi mja wake. Mzee Maduhu, fundi baiskeli wa sokoni, amefariki Alhamisi. Marehemu alikuwa mtu wa watu, na watu ndicho kitu ninachohitaji.

Nilikwenda msibani na rambirambi yangu, na kwenye mkoba nilikuwa na kitabu cha wageni cha Hifadhi Huria. Jalada jeusi, safu sita: tarehe, jina, anakotoka, sababu, maoni, sahihi. Nikakiweka kwenye meza ndogo langoni, na kalamu iliyofungwa kamba, nikasimama pembeni kwa huzuni. Sikumdanganya mtu. Sikusema neno. Waombolezaji ni watu wenye adabu, wakiona kitabu langoni wanatia sahihi. Wengine walipanga foleni.

Kufikia saa tisa nimepata majina mia moja sitini na matatu! Wamo madiwani wawili na mchungaji. Kituo hiki tangu kianzishwe hakijawahi kuwa na wasomaji wa namna hii.

Mama Nyamizi aliniona nikikirudisha kwenye mkoba. Akauliza ni kitabu cha nini. Nikamwambia cha ofisi. Akasema ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Jumatatu, 21 Juni

Usiku wazo limeniamsha. Wasomaji mia moja sitini na watatu, lakini nakala zote arobaini za kila ripoti ziko kabatini na kamba zake na vumbi lake. Mkaguzi si mjinga. Ataona hazikuguswa. Nakala lazima zitoke.

Kwenda wapi? Nikimpa mtu atataka kusoma na ataniuliza maswali.

Saa mbili nilikuwa kwa Champaklal. Mzee huyu na mkewe Dhanbai wana duka tangu enzi za baba yake, na Dhanbai ndiye anayekunja pakiti za chumvi, sukari, misumari na binzari. Siku hizi analalamika magazeti yamekuwa mepesi, chumvi inatoboa. Nikamwonyesha nakala ya 112. Akaikwaruza kwa ukucha, akasema karatasi hii ina mwili. Tukaelewana palepale. Nimesafirisha mizigo mitano kwa baiskeli: za Didia, za Songwa, za Mwalugoye, zote. Kila ripoti nimebakiza nakala moja ya kumbukumbu kabatini.

Sikutaka malipo. Ni maadili. Lakini Champaklal hakubali kupewa kitu bure, kwa hiyo nimechukua kufuli la shaba, kubwa, lile la kubana lenyewe bila kuzungusha ufunguo. Lina funguo mbili. Limependeza sana kwenye kabati la Hifadhi Huria.

Kwa upande wa usomaji: thelathini na tisa kati ya arobaini zimechukuliwa na wananchi. Hesabu hiyo ni ya kweli. Chumvi inanunuliwa na wananchi.

Jumatano, 23 Juni

Nimekosa raha. Niandike kama ilivyokuwa.

Asteria amekuja saa tatu. Barua anayo, na muhuri upo. Ipo mihuri mitatu: wa kijiji, wa kata, na wa shule, ili nisiseme tena. Mikono yake ilikuwa na vumbi la basi. Akaiweka barua mezani, akaketi kabla sijamkaribisha.

Barua haikuwa na kasoro. Nimeitafuta.

Nikamwambia nakala zote zimechukuliwa na wasomaji. Akashangaa akauliza wasomaji gani, kwani kwao Mwalugoye hajaona hata mmoja. Nikamwambia imebaki nakala moja, ya kumbukumbu, ya kusomwa hapahapa. Akasema sawa, asomewe hapahapa. Sasa, kabati nililipanga jana kwa ajili ya mkaguzi, migongo ya ripoti yote sawa, vumbi hakuna, na mezani nimetandaza kitambaa cheupe. Ningetoa moja pangeonekana pengo. Nikamwambia arudi Jumatatu.

Akasema Jumatatu mafundi watakuwa wanafunga pampu.

Nikasema basi Jumamosi, kisha nikakumbuka Jumamosi hatufungui.

Eufrasia alisimama akanyoosha mkono, akaniomba ufunguo. Hakusema kaka, hakusema tafadhali. Nikamwambia ufunguo ni dhamana. Akaniambia dhamana ni mtoto wa watu. Moyoni nilijua amesema kweli na nikachukia kwamba amesema yeye. Nikakataa. Asteria akakunja barua yake kwa uangalifu, akasema anawahi chumvi kabla basi halijaondoka.

Baada ya hapo, ili nisisumbuliwe tena mpaka Ijumaa, nimeweka mambo sawa kwa utaratibu. Funguo zote mbili nimezitia kwenye bahasha, nikaiandika Siri, nikaipa namba ya jalada, nikaipanga kwenye jalada lake, pamoja na muhuri wa kupokelea. Kila kitu mahali pake. Nikafunga kabati. Kufuli limebana vizuri sana.

Alhamisi, 24 Juni

Saa nne asubuhi nimetambua bahasha iko wapi.

Nimejaribu waya wa baiskeli, kisu, kibanio cha nywele cha mfagiaji. Champaklal anauza kitu imara, hilo nitamshuhudia popote. Nikamuuliza kama kuna ufunguo wa tatu. Akacheka mpaka Dhanbai akatoka kuuliza kuna nini.

Sijamwambia mtu. Kabati lina vioo mbele. Mkaguzi ataona migongo ya ripoti, itamtosha. Nani hufungua kabati lililopangwa vizuri hivyo?

Ijumaa, 25 Juni

Mkaguzi anaitwa Bi Mehjabin. Mfupi, miwani, sauti ndogo. Nilitegemea mtu wa kelele. Mtu wa kelele unamjua alipo.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Aliambiwa wasomaji ni mia moja sitini na watatu akasimama. Akasema vituo vingine havijafikisha kumi na watano. Mkurugenzi aliniangalia kwa jicho ambalo sijawahi kuangaliwa nalo katika ofisi hii. Nikajiona juu ya pikipiki, Mama Nyamizi nyuma.

Kisha akaomba kitabu. Akavuta kiti, akaanza kusoma safu ya maoni.

Mimi nilihesabu majina tu. Maoni sikuyasoma. Hilo ni kosa la uaminifu.

Akasoma taratibu, kwa sauti: Poleni wafiwa. Bwana alitoa, Bwana ametwaa. Alikuwa mtu wa watu. Tutamkumbuka kwa ucheshi wake. Tumeleta debe moja la mahindi. Baiskeli yangu bado iko kwake.

Akanyanyua macho akauliza nani amefariki.

Nilisema ni maoni kuhusu utafiti wa ukame. Watu wameguswa. Mkurugenzi akakohoa. Eufrasia akatazama dari, na mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Bi Mehjabin akafunga kitabu, akasema anaomba nimwonyeshe msomaji mmoja. Mmoja tu, aliye hai.

Hapo mlango ukagongwa. Asteria! Ijumaa, si siku yake. Amepanda lori la alfajiri. Mkononi ameshika karatasi iliyokunjwa mikunjo ya pakiti, na chembe za chumvi zilimwagika mezani alipoikunjua. Ukurasa wa 14 wa ripoti 112. Nilimkaribisha kwa sauti kubwa kuliko nilivyowahi kumkaribisha mtu. Nikamwambia Bi Mehjabin: msomaji wetu huyu hapa, na nakala yake anayo.

Asteria akaeleza, hakuharakisha. Jumatano alinunua chumvi, akafika kwao, akamimina kwenye kopo. Akaona neno Mwalugoye kwenye karatasi. Akaipeleka kwa mwalimu wa shule, mwalimu akasoma Kiingereza akaanza kutoka jasho. Imeandikwa hivi: katika visima vitatu vya Mwalugoye, viwili vina zebaki kupita kiasi. Kisima pekee kinachofaa kwa maji ya kunywa ni.

Ukurasa umeishia hapo. Hakuna jina. Wanakijiji wamekesha wakibishana. Wote wamejua sasa kwamba viwili kati ya vitatu vina sumu, na hawajui kilicho salama ni kipi. Toka jana hakuna aliyechota. Watoto wanapewa uji wa maziwa. Ameomba ukurasa wa 15.

Bi Mehjabin akauliza chumvi ilitoka wapi. Asteria akamwambia. Akauliza karatasi dukani ilitoka wapi. Wote walinigeukia, hata mfagiaji.

Mkurugenzi akasema basi ifunguliwe nakala ya kumbukumbu, mara moja. Nikaeleza habari ya bahasha. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, pamoja na namba ya jalada. Mkurugenzi akasema tuvunje kioo. Nikamkumbusha kuwa kabati ni mali ya wafadhili na limeandikwa kwenye orodha. Akashika rula ya chuma, akapiga. Kioo kile kina wavu wa waya ndani. Tulinunua kile imara, mwaka themanini na tisa, kwa ushauri wangu.

Dokta Boaz mwenyewe alikuwa safarini, hakuna wa kumuuliza. Tukaenda dukani wote. Mkurugenzi, mkaguzi, Eufrasia, Asteria, mimi nyuma. Dhanbai alikuwa amekwisha kukunja kila karatasi tangu Jumatatu, pakiti zimejazwa, zimepangwa kama matofali. Tukaanza kuzifungua. Mkurugenzi wa Kituo cha Utafiti alimimina chumvi kwenye karai akiwa na tai. Bi Mehjabin alishika misumari. Tukapata udongo wa Didia, mwingi. Tukapata jalada la mbele la 112, na shukrani za Dokta Boaz kwa mama yake. Tukapata ukurasa wa 14 mara sita. Kila ukitokea, Asteria alifumba macho.

Ukurasa wa 15 aliupata mteja. Mzee mmoja mchunga ng'ombe, amenunua binzari, alikuwa amesimama mlangoni anatazama mchoro wa visima uliokuwa kwenye pakiti yake. Akatuambia karatasi hii ina picha nzuri, haitupi. Eufrasia akamwomba kwa heshima zote, akapiga goti. Akaisoma palepale juu ya kaunta, akatafsiri kwa Kisukuma, sentensi moja.

Ni cha Mkuyu. Kile cha mbali, ambacho hakuna aliyekitaka. Kibaya kuliko vyote ni cha Shule.

Asteria alikaa juu ya gunia. Machozi yalimtoka akayaacha yatoke. Dhanbai akamletea maji, naye Asteria akayatazama kwanza, kisha akanywa.

Nilikuwa nimesimama karibu na mizani. Nilitaka kusema neno. Nilichosema ni kwamba ukurasa huo urudishwe ukiisha kunakiliwa. Hakuna aliyenisikia. Nadhani ni bahati.

Jumatatu, 28 Juni

Barua ya Bi Mehjabin imesomwa ukumbini. Anasema katika mkoa mzima hajaona Hifadhi iliyowafikia wananchi kwa kasi kama yetu, na kwamba ilifika bila kompyuta, bila umeme na bila sisi. Anapendekeza Kituo kiendelee na pakiti, ila kwa makusudi. Eufrasia atafasiri kurasa muhimu kwa Kiswahili, moja kwa kila ripoti, yenye mwanzo na mwisho. Atazipiga stensili. Champaklal amekubali kuzikunjia chumvi. Dhanbai ameomba wino usiwe mwingi.

Mkuu wa Hifadhi Huria: Eufrasia. Pikipiki: Eufrasia. Dokta Boaz amelalamika kwamba ripoti yake imetolewa kabla ya jarida. Mkurugenzi amemjibu imetolewa na binzari.

Mimi nimeachiwa kitabu cha wageni.

Mama Nyamizi hakunicheka. Hilo liliniuma zaidi. Alinipakulia ugali, akasema mume wangu, ungefungua tu. Nikamwambia nimejifunza. Na kweli nimejifunza: nakala zisingetoka dukani bila sahihi, haya yote yasingetokea. Leo nimemwandikia Champaklal rasmi kwamba kila mnunuzi wa chumvi atambulishwe kwa barua ya mwenyekiti wake. Hajajibu. Dhanbai amekunjia pilipili manga kwenye barua yangu.

Jumatano, 30 Juni

Asteria amekuja na kikapu cha michembe, viazi vyake vya kukausha mwenyewe, kwa ajili ya Eufrasia. Akanipa na mimi fungu. Sikutegemea. Pampu imefungwa Mkuyu Jumatatu, na watoto wameanza kuchota. Mjukuu wake vidole bado, daktari wa Kahama amesema itachukua miezi, lakini amesema hawajachelewa. Jumamosi kuna sherehe ya kisima, na ametualika wote. Akanitaja na mimi kwa jina, mbele ya watu. Eufrasia akasema pikipiki ina nafasi ya mmoja nyuma.

Nilitaka kwenda. Naandika hapa kwa kuwa hakuna anayesoma: nilitaka sana. Nikamuuliza Asteria kama mwaliko una barua. Akacheka, akaniwekea michembe mingine.

Saa nane alikuja Donatus, fundi wa makufuli, ameitwa na Mkurugenzi kufungua kabati. Amekuja na msumeno wa chuma na mafuta. Kijana safi, amesema ni kazi ya dakika tano. Nikamuuliza barua ya utambulisho. Hakubisha. Akaenda, akarudi baada ya saa moja na barua ya mwenyekiti wa mtaa, ina tarehe, ina sahihi, ina muhuri mzuri wa bluu. Kwa kweli haina kasoro hata moja.

Inahitaji tu kugongwa muhuri wetu wa kupokelea. Nao umo kabatini. Nimemwambia asubiri kwenye benchi.